Wavu Unapokataa

Saa nne za usiku, katika ofisi ya usanifu wa mitambo ambayo wengine wameshaondoka, kompyuta imegoma. Kiooni kuna bodi ya pampu ya maji: tumbo la konokono, mdomo wa kunyonyea, mdomo wa kutapikia, masikio manane ya bolti, na kila kona imeviringishwa kidogo ili chuma kisije kikaanza kupasukia hapo. Mhandisi kaiambia programu isuke wavu wa vipande vya milimita mbili. Programu imezisuka nyuso zote za nje bila kinyongo, ikaingia kuujaza mwili ndani, ikaenda, ikaenda, ikasimama. Ujumbe mwekundu unasema wavu wa ndani umeshindikana, tazama uso namba 214.

Uso namba 214 hauonekani. Mhandisi anavuta picha karibu, anavuta tena, mpaka masikio ya bolti yanatoka nje ya kioo na kubaki ukuta mtupu wa kijivu. Ndipo anapouona. Kati ya kona mbili zilizoviringishwa, ambazo nusura zikutane lakini hazikukutana, kuna utepe wenye urefu wa milimita 11 na upana wa milimita 0.003. Unywele wa mtu ni mnene kuliko huo kama mara ishirini. Hakuna aliyeuchora, ulizaliwa wenyewe pale kona moja ilipopewa mviringo huu na jirani yake mviringo ule. Wala hakuna kiwanda cha kusubu kitakachoutoa, kwa kuwa chembe moja tu ya mchanga wa kalibu ni kubwa kuliko upana huo mara nyingi.

Basi je, uso huo upo?

Kwenye mchoro upo, tena una namba. Kwenye chuma haupo wala hautakuwapo. Na kwa wavu, ambao kazi yake ni kusimama kati ya mchoro na chuma, umeziba njia nzima. Watu wa fani hii huuchukulia kama kero ya usiku mmoja, na hawana kosa, maana ripoti inasubiriwa asubuhi. Ila nyuma ya kero hiyo kuna swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameligombania kwa zaidi ya miaka elfu: kitu kizima kikikatwa vipande ili kijulikane, kinachojulikana ni kitu kile, au ni vipande?

Kiswahili kimebahatika hapa. Wavu wa mhandisi na wavu wa mvuvi ni neno moja, na mvuvi ameshalifikiria nusu ya jambo. Akionyeshwa wavu, swali lake la kwanza ni ukubwa wa macho. Wavu wa macho mapana haumdanganyi mtu kuhusu dagaa. Unawapitisha tu, na aliyeutanda alijua tangu pwani kwamba leo hatakula dagaa. Mhandisi naye huanza kwa kuchagua jicho. Kila kilicho kidogo kuliko jicho kitapita bila kuacha alama, na afadhali ajue mapema amekubali kipite nini.

Sababu ya kusuka ni nyepesi kueleza. Mkazo ndani ya chuma hubadilika kila nukta, na nukta hazina idadi. Kwa hiyo mwili hukatwa vipande vingi vidogo, kila kipande kikapewa kanuni rahisi ya jinsi kinavyoweza kunyumbuka, kisha vyote vikafungwa pamoja kwenye mafundo, na kompyuta ikapewa mafundo tu. Richard Courant aliandika juu ya kukata umbo kwa pembetatu namna hii mwaka 1943. Jina la mbinu lilitoka kwa Ray Clough wa Berkeley mwaka 1960, naye aliviita vipande hivyo elementi zenye ukomo. Jina hilo, ukilisikiliza vizuri, ni ungamo.

Turudi kwenye utepe. Unashindaje kazi nzima? Wavu hauna ruhusa ya kuruka uso wowote ulioandikwa kwenye mchoro. Lazima upitishe angalau kipande kimoja katika upana wake. Upana ni 0.003, jirani zake ni milimita mbili. Hapo programu ina njia mbili: kumwaga maelfu ya vipande vidogo mithili ya chumvi, au kutengeneza pembetatu ndefu kama sindano, urefu wake mara mia sita na ushei ya upana. Ikichagua sindano, vipande vya ndani vinavyosimama juu ya sindano hizo hulala chali hadi kukosa unene. Vingine hugeuka ndani nje kama soksi, na kompyuta ikipima ujazo wake hupata namba hasi. Tumbo lenye ujazo chini ya sifuri! Programu yenye akili timamu husimama.

Tiba zake zinajulikana, na kila ofisi ina mpangilio wake. Uso 214 unaunganishwa na jirani ili programu izihesabu nyuso mbili kama moja. Ikishindikana, kona zile zinafutwa na kuchorwa upya kwa mviringo mmoja. Ikishindikana tena, bodi inakatwa vipande viwili, kila kimoja kisukwe peke yake, ijulikane ugonjwa uko upande gani. Ni kazi ya fundi umeme anayezima swichi moja moja. Kuna wanaotafuta nyuso zilizorudufiwa au kupishana, mabaki ya faili iliyohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine. Kwa wanaopima mwendo wa maji au hewa, kuna zile tabaka nyembamba zinazolazwa kandokando ya ukuta, ambazo hugongana kwenye kona finyu kama watu wawili wenye magodoro kwenye ngazi. Na kuna tiba ya mvivu: kuiambia programu ipuuze chochote kilicho chini ya kipimo fulani, kote kote, bila kutazama ni nini.

Katika tiba zote hizo mtu anaamua kipi kihesabiwe hakipo. Hapo ndipo kazi inapoacha kuwa ya mikono tu. Utepe wa 0.003 ukifutwa, hakuna anayeulilia. Lakini kona iliyoviringishwa inayobeba utepe huo iliwekwa kwa makusudi, ili mkazo usijikusanye. Mhandisi aliyechoka akiifuta nayo, anabaki na kona kali ya ndani, na hesabu zinasema kwamba mkazo kwenye kona kali kabisa hauna kikomo. Akisuka kwa milimita mbili atapata namba moja. Kwa milimita moja, namba kubwa zaidi. Kwa nusu milimita, kubwa zaidi tena. Haitatulia hata akinunua kompyuta ya serikali. Kona kali kiasi hicho haipo duniani, kwa hiyo namba ile haielezi chochote kilicho duniani. Lakini wavu umekubali. Hakuna ujumbe mwekundu. Picha ina rangi nzuri za bluu na nyekundu, na asubuhi itaingia kwenye ripoti.

Mazoea ya watu wengi ni kusema kwamba mchoro ndio ukweli na wavu ndio makadirio. Mchoro wenyewe ungekataa sifa hiyo. Nyuso laini zilizopinda, za aina inayotumika sana kwenye programu za uchoraji, zikikutana huzaa mstari wa makutano ambao mlinganyo wake unaweza kufika daraja la 324. Hakuna programu inayouandika mstari huo. Zote huandika mstari mwepesi unaopita jirani, kisha hutangaza kwamba nyuso mbili zimefungana endapo pengo kati yake ni dogo kuliko kipimo kilichokubaliwa. Umbo ambalo mchoraji anaapa kwamba halivuji maji limejaa nyufa, ila ni nyufa zilizosamehewa. Faili ikibaki nyumbani kwake, hakuna neno. Ikihamishiwa programu yenye kipimo kikali zaidi, nyufa hufunguka kama mashua iliyoachwa juani mpaka mbao zikaachana, na mtu hana budi kutia kalafati mshono kwa mshono.

Mwaka 2005 Thomas Hughes na wenzake wawili walipendekeza wavu uachwe kabisa, hesabu ifanywe kwa kanuni zilezile zinazochora umbo. Walikuwa na sababu: walitaja kwamba katika viwanda vya magari, ndege na meli, takriban asilimia 80 ya muda wa uchambuzi huishia kwenye kuandaa wavu. Wazo limepata wafuasi wengi na kuzaa matunda. Lakini nyuso zilizokatwa kwenye mistari ile ya makutano zilipoingia, nyufa zile zile zikaingia nazo, kwa sababu hazikuwa mali ya wavu. Wavu ulikuwa msomaji wa kwanza aliyeusoma mchoro neno kwa neno. Jicho la mtu husamehe, printa husamehe, bosi akitazama picha kwenye kikao husamehe.

Sasa daftari la hesabu, lile la miraba midogo. Mtoto achore mraba mkubwa wa visanduku kumi kwa kumi, halafu apake rangi visanduku vinavyoguswa na ulalo, kutoka pembe hadi pembe. Atapaka kumi. Ubavu nao una visanduku kumi. Kama visanduku ndivyo vilivyopo na hakuna kingine, ulalo ni sawa na ubavu, jambo ambalo rula inalikanusha papo hapo: ulalo ni 14 na ziada. Akikataa kupita kwenye pembe za visanduku na kutaka kushuka ngazi kwa ngazi, atatembea hatua ishirini. Mwalimu akimpa daftari la visanduku mia kwa mia, majibu yatakuwa mia au mia mbili, na ukweli utabaki katikati, 141 na ziada. Kufanya visanduku vidogo hakukusaidia kitu.

Hoja hii ina mvi. Basra, karne ya tisa, Abu al-Hudhayl al-Allaf alifundisha kwamba miili imeundwa kwa sehemu zisizogawanyika. Baadaye wanazuoni wa Kiashari, ambao akida yao imeenea miongoni mwa Washafii wakiwemo wa pwani ya Afrika Mashariki, waliikuza picha hiyo: ulimwengu ni chembe, sifa za chembe hazidumu nyakati mbili, na Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati. Kusudi lilikuwa la kidini hasa: kusibaki kitu chochote kinachosimama chenyewe. Ibn Sina aliwapinga kwa hoja ya mraba na ulalo wake. Musa bin Maimun, aliyeandika Misri katika karne ya 12, anaeleza kwamba wenye chembe walijibu kuwa mraba ni kitu kisichokuwapo.

Jibu hilo limewachekesha wengi. Mhandisi wa saa nne za usiku hana haki ya kucheka, maana ndilo jibu lake kuhusu uso 214.

Mpwa na mwanafunzi wa Abu al-Hudhayl, Ibrahim al-Nazzam, hakukubaliana na mjomba. Kwake kila urefu ulikuwa unagawanyika bila mwisho. Akabanwa: basi chungu anayetambaa juu ya jiwe anawezaje kumaliza safari yenye sehemu zisizo na mwisho? Akajibu kwamba kitu kiendacho huruka. Kinatoka hapa na kuibukia pale bila kupitia katikati. Wapinzani wake waliliona jibu hilo kuwa zawadi, na kuruka kwa Nazzam kukawa kichekesho cha karne nyingi. Mwaka 1928 yule yule Courant, pamoja na Kurt Friedrichs na Hans Lewy, alionyesha sharti moja la hesabu zinazosonga hatua kwa hatua: hatua ya muda lazima iwe fupi kiasi kwamba wimbi halirukii nje ya kisanduku ambacho hesabu inakitazama. Sharti likivunjwa, namba huanza kutetema, zikapanda, zikalipuka. Wanaopima magari yanavyogongana wanalijua sharti hilo: kipande kimoja kilichobanwa kikawa kidogo mno kwenye wavu mzima hulazimisha hatua ya muda ya mwili wote iwe fupi, na kazi ya saa mbili ikawa ya siku mbili. Kwa hiyo kompyuta zimempiga Nazzam marufuku, huku dunia ya Waashari, ya chembe zinazoandikwa upya kila wakati, ikiendeshwa kila siku kwenye mashine za viwandani.

Hilo halithibitishi akida ya mtu. Tofauti iko wazi: chembe za Waashari zimepangwa na Muumba, na za kompyuta zimepangwa na mtu aliyechagua milimita mbili kwa sababu milimita moja isingemaliza kabla ya kikao. Lakini mashaka ya Ibn Sina yanabaki mezani kwa wote wawili. Vipande vikiwa vidogo sana, je, vinakaribia kitu kizima?

Wengi hudhani jibu ni ndiyo, na mfano wao ni Archimedes, aliyeubana mduara kati ya maumbo mawili yenye pande 96, moja ndani na moja nje, akapata mipaka miwili ambayo ukweli hauwezi kuitoroka. Mfano mzuri, ila watu huusahau ule upande wa nje. Hermann Schwarz, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19, alionyesha nini hutokea mtu akijiamini kwa upande mmoja. Alichukua silinda ya kawaida, kitu kama kopo la maziwa bila vifuniko, akaifunika kwa pembetatu ambazo kila ncha inakaa juu ya silinda kabisa, hakuna inayoelea. Eneo la kopo linajulikana tangu zamani. Jumla ya maeneo ya pembetatu ingetarajiwa kulikaribia kadiri zinavyoongezeka. Schwarz alionyesha kwamba, kwa kuongeza safu za pembetatu kwa wima haraka kuliko kwa mzunguko, jumla inaweza kwenda kwenye eneo lisilo sahihi, au kukua bila kikomo.

Siri yake huonekana mtu akitengeneza kopo hilo kwa karatasi. Safu zikiwa nyingi na fupi, pembetatu hupata pembe butu sana na kuanza kulala. Badala ya kutazama nje kama ukuta, zinatazama juu na chini, kama kandili ya karatasi iliyokunjwa. Kila ncha iko mahali pake, vipande ni vidogo kupita kiasi, na uso mzima ni mikunjo. Schwarz alikuwa akisahihisha maana ya eneo iliyokuwa kwenye kitabu cha kufundishia cha Mfaransa Joseph Serret, kitabu kilichokuwa kimesomwa na watu wenye akili zao. Mwaka 1976 Ivo Babuška na Abdul Kadir Aziz walionyesha kuwa jambo hilo hilo linahusu wavu wa wahandisi: pembetatu nyembamba inaweza kuvumilika, lakini ile ambayo pembe yake kubwa inakaribia kunyooka huharibu jibu. Wavu wenye kandili ya Schwarz ndani yake hautoi ujumbe wowote. Ujazo wote ni chanya. Umekubali.

Namna wavu unavyoweza kukubali na kuua kazi ilionekana karibu na Stavanger, Norwe, tarehe 23 Agosti 1991. Katika ghuba ya Gandsfjorden ulikuwa ukijaribiwa msingi wa zege wa jukwaa la gesi, Sleipner A, lililokusudiwa kusimama kwenye kina cha mita 82 katika Bahari ya Kaskazini. Msingi ulikuwa na seli 24 za mviringo zilizoshikana, nne kati yake zikipanda juu kuwa miguu. Mahali seli tatu za mviringo zinapogusana pana nafasi ya pembetatu, na nafasi hizo zilikuwa wazi kwa bahari: msingi ukizamishwa, maji yanajaa humo na kusukuma kuta kutoka ndani. Walikuwa wakiuteremsha taratibu kujiandaa kuupandishia sitaha. Ulipofika kina cha mita 65 hivi, mlio mzito ukasikika kutoka kwenye mguu mmoja, maji yakaanza kuingia kwa kasi ambayo pampu hazikuiweza. Watu waliokuwa juu yake waliokolewa wote. Zege likaenda chini ya ghuba na kupasukia huko. Vipimo vya tetemeko vya eneo hilo vilisoma 3.0. Hasara ikatajwa kuwa dola milioni 700 hivi.

Uchunguzi wa taasisi ya SINTEF ulifuata nyufa mpaka kwenye kuta za ile nafasi ya pembetatu, na kutoka hapo mpaka kwenye wavu. Kona ile ilikuwa imesukwa kwa vipande vichache vilivyopinda vibaya, na mkazo wa kukata ukutani ulitoka pungufu kwa asilimia 47. Kwa namba hizo kuta ziliachwa nyembamba, na nondo zilizopaswa kuzifunga zikawa fupi kuliko ilivyohitajika. Eneo hilo liliposukwa upya kwa makini baada ya ajali, hesabu ilisema ukuta utavunjika kwenye kina cha mita 62. Mbinu haikuwa na kosa, kompyuta haikuwa na kosa. Vipande tu, kila kimoja kikiwa kimeketi mahali pake bila kulalamika. Kama kona ile ingekuwa imesokotwa zaidi kidogo, hadi kipande kimoja kigeuke ndani nje, huenda programu ingekataa, na mtu mmoja angelazimika kuvuta picha karibu na kuitazama.

Gesi ilikuwa imeshauzwa kwa mikataba, na jukwaa jipya halikuweza kusubiri hesabu za kompyuta zirudiwe zote. Wahandisi wakaamua kuusanifu msingi wa pili kwa mbinu za kabla ya kompyuta, zile za rula ya kuteleza zilizotumika kwa majukwaa ya kwanza ya aina hiyo. Anayekokotoa kwa mkono hawezi kukokotoa kila mahali. Anatafuta kwanza maji yanasukuma wapi na ukuta gani una kazi ngumu, kisha anakaa na ukuta huo. Majibu mapya ya kompyuta yalipokuwa tayari, msingi wote ulikuwa umeshasanifiwa na sehemu yake kubwa imeshamwagwa zege. Tarehe 29 Aprili 1993 sitaha ikakalishwa juu yake.